Impresheni ya seti kamili ya meno bandia: kazi yote iko kwenye ukingo

Mtu asiye na jino hata moja hana mahali pa kufungia waya wa meno bandia. Kinachoshika seti yake ni utando mwembamba wa mate kati ya akriliki na fizi, pamoja na ukingo ulioziba kote hewa isipite. Hewa ikipata upenyo upande mmoja tu, seti ya juu inadondoka mgonjwa anapocheka. Ndiyo maana impresheni (nakala ya fizi inayochukuliwa kwa dawa laini inayogandia kinywani), tangu trei ya kwanza inayobeba dawa hiyo hadi modeli ya mwisho ya plasta inayomiminwa ndani yake, ni kazi ya kuutafuta ukingo huo: uishie wapi, uwe mnene kiasi gani, uvipishe vipi vigwe, zile nyuzi za nyama zinazounganisha midomo na mashavu na fizi. Anayejaza dawa kwenye trei na kuisukuma kinywani bila kujali ukingo atatengeneza seti ambazo wagonjwa wataishia kuzifungia kabatini.

Tunafuata njia ya hatua mbili, impresheni ya awali na ya mwisho, kwa vifaa ambavyo hata kliniki ya wilaya inaweza kuwa navyo.

Fizi kwanza, trei baadaye

Usimchukue impresheni mgonjwa aliyeivua seti yake ya zamani dakika tano zilizopita. Fizi zilizokandamizwa kwa miaka hubaki zimebonyea hapa na kuvimba pale, na impresheni itanakili umbo ambalo kesho halipo. Mwambie akae bila seti saa 24 kwa uchache kabla ya miadi. Fizi zikiwa nyekundu au zina michubuko, siku mbili hadi tatu. Asiyeweza kukaa bila meno muda wote huo, ipunguze seti yake upande wa ndani, uitandike dawa laini ya kutuliza fizi, na uibadilishe kila baada ya siku chache mpaka fizi zitulie.

Kaakaa likiwa jekundu kwa umbo lilelile la seti, mara nyingi hiyo ni kandida, fangasi wa kinywani. Itibu kwanza: asafishe seti kwa brashi kila siku, alale bila kuivaa, atumie nistatini au jeli ya mikonazoli. Kabla ya kuandika mikonazoli, uliza kama anatumia warfarini, maana dawa hizo mbili zikikutana damu hushindwa kuganda. Swali hilo lisirukwe, hasa kwa wazee wenye matatizo ya moyo.

Kisha pitisha kidole polepole juu ya tuta la ufizi, mbele hadi nyuma, juu na chini. Kuna mahali ufizi unachezacheza kwa sababu mfupa chini yake umekwisha? Kuna mfupa mkali unaomfanya akunje uso ukigusa? Kinundu cha nyuma cha taya la juu kimevimba na kuingia ndani kwa chini? Mate ni machache? Yaandike yote kwenye faili, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoamua dawa na mbinu, si mazoea yako.

Impresheni ya awali

Chagua trei ya watu wasio na meno, ile yenye sakafu ya mviringo na kuta fupi. Ikikaa kinywani iache nafasi ya takriban milimita 5 kutoka kwenye fizi pande zote. Ya juu ifunike vinundu vyote viwili vya nyuma na ifike pale kaakaa laini linapoanza kucheza. Ya chini ifunike vitufe laini vilivyo mwisho wa taya, kulia na kushoto. Ikipungukia, ongeza nta ukingoni. Usiache dawa ining'inie hewani bila kitu cha kuibeba.

Dawa za kuchagua kimsingi ni mbili. Kompaundi, dawa ngumu inayolainika kwa joto na kukaza ikipoa, hulainishwa katika maji ya nyuzi 55 hadi 60, ukiwa umetandaza gozi ndani ya beseni ili isinate kwenye sakafu yake. Ikandekande kwa vidole mpaka ilainike hadi katikati, kwa sababu joto hupenya ndani yake taratibu na kipande kilicholainika nje tu kitakudanganya. Kompaundi ina nguvu ya kusukuma ulimi na mashavu pembeni, hivyo inafaa taya la chini lililosagika hadi kuwa tambarare, na ukikosea unaweza kuipasha tena. Ila haiingii penye mabonyeo, yaani mahali fizi imeingia ndani kwa chini, na ikiingia kwa nguvu itapindika wakati wa kutoa.

Aljineti, unga unaochanganywa na maji ukaganda kama mpira laini, inanakili vizuri zaidi na haimuumizi mgonjwa, lakini haisamehe uzembe wa vipimo. Tingisha kopo kwanza ili unga ulegee, subiri vumbi litue ndipo ufungue, na vaa barakoa. Tumia kijiko na kikombe cha kampuni ileile iliyotengeneza unga. Weka maji kwanza, unga baadaye, kisha koroga kwa sekunde 45 hadi 60 ukiukandamiza mchanganyiko kwenye ukuta wa bakuli la mpira. Unaotafuta ni mchanganyiko laini unaong'aa, usio na madonge wala mapovu.

Joto la maji ndilo saa yako. Kampuni nyingi huhesabu muda kwa maji ya nyuzi 20 hadi 23. Maji ya bomba ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kiangazi yana joto kuliko hapo, na aljineti inaweza kuanza kugandia bakulini kabla hujainua trei. Weka chupa ya maji kwenye friji na upime kwa kipimajoto. Usijaribu kununua muda kwa kuongeza maji: utapata impresheni dhaifu inayochanika.

Paka gundi ya trei na uiache ikauke. Mketishe mgonjwa wima, kichwa kimeegemea. Kwa taya la chini simama mbele yake upande wa kulia. Kwa la juu simama nyuma yake. Anza na la chini, kwa sababu halichochei kutapika na humzoesha. Paka dawa kidogo kwa kidole mahali trei isikofika vizuri: kwenye mfereji wa nyuma ya shavu, na kwenye kaakaa likiwa na kina. Trei ya juu itangulie kukaa nyuma ndipo ipande mbele, ili ziada itoke mdomoni badala ya kuteremkia koo. Mwambie kwa utulivu: "Bibi, inamisha kichwa kidogo mbele, pumua kwa pua, polepole hivyo hivyo." Anayetapika kirahisi, mpe kazi ya kuinua mguu mmoja na kuushikilia juu, akili ikienda mguuni koo hutulia.

Aljineti ikiacha kunata, shikilia dakika 2 zaidi kabla ya kutoa. Hapo ndipo inapata nguvu ya kutochanika. Vunja muhuri wa hewa kwa kuinua shavu, kisha toa kwa mvuto mmoja wa haraka. Kuitikisatikisa huipotosha.

Suuza mate chini ya bomba. Pulizia klorini 0.5%, ambayo kwa jiki ya 3.5% ni sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji, ifunike kwa dakika 10, suuza tena na umimine plasta papo hapo. Aljineti ikiachwa wazi hutoa maji na kusinyaa. Ikilowekwa hunywa maji na kuvimba. Kama fundi wa meno bandia yuko mbali, izungushie karatasi yenye unyevu, uitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na usiilaze ikiegemea ukingo wake.

Trei maalumu

Trei hii ya akriliki hutengenezwa juu ya modeli ya awali kwa ajili ya mgonjwa huyo pekee. Modeli ikikauka, chora juu yake kwa penseli mstari wa mwisho wa mfereji ulio kati ya fizi na shavu, mdomo au ulimi, halafu mstari wa pili milimita 2 kabla yake. Trei iishie kwenye mstari wa pili. Nafasi hiyo ya milimita 2 ndiyo utakayoijaza kwa kompaundi ya kijiti, ile inayokuja katika vijiti vyembamba. Trei ikifika mwisho wa mfereji itasukuma misuli na ukingo wako utakuwa wa uongo.

Nafasi kati ya trei na fizi hutegemea dawa ya mwisho. Pesti ya zinki oksaidi na yujinoli hutaka trei iliyokaribiana sana na fizi, nusu milimita au hata bila nafasi. Silikoni nyepesi na ya wastani hutaka milimita 1 hadi 1.5. Plasta ya impresheni karibu milimita 2, aljineti 3. Mwandikie fundi dawa utakayotumia. Bila hivyo atakisia.

Unene wa akriliki uwe milimita 2 hadi 3, na mpini usimame pale yangekaa meno ya mbele bila kuusukuma mdomo. Trei ya chini iongezewe vituo viwili vya vidole, kulia na kushoto, ili vidole vyako visilale juu ya ukingo. Akriliki inayojikausha yenyewe huendelea kusinyaa, kwa hiyo trei hiyo itengenezwe angalau saa 24 kabla ya kutumiwa. Trei iliyotengenezwa asubuhi na kutumiwa mchana ni chanzo cha seti nyingi zinazotikisika, na mgonjwa akirudi kulalamika ni vigumu kugundua kwamba kosa lilikuwa hapo.

Kuunda ukingo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Ipime trei kinywani kwanza: vuta shavu na mdomo taratibu, na trei isisogee. Ikisogea, kata mahali hapo, hasa kwenye vigwe.

Pasha kompaundi ya kijiti kwenye moto wa taa ya spiriti mpaka ncha yake iiname, si mpaka ichemke na kutoa mapovu. Ipake kwenye ukingo wa trei kwa upana wa milimita 3 hadi 4, sehemu moja moja. Ipitishe juu ya moto kwa haraka, ichovye sekunde moja au mbili kwenye maji ya uvuguvugu ili isimuunguze mgonjwa, kisha iingize. Ukisahau kuichovya utamchubua mdomo, naye hatakuamini tena.

Taya la juu:

1. Nyuma ya mdomo wa mbele: vuta mdomo nje, chini, halafu ndani. Kigwe cha katikati kiache mkato mwembamba.
2. Kigwe cha shavu: vuta shavu nje, chini, ndani, kisha mbele na nyuma. Mkato wake huwa mpana kwa sababu kigwe hiki hutembea pande zote.
3. Nyuma ya shavu, kando ya kinundu: mwambie afungue mdomo sana, kisha apeleke taya kulia na kushoto. Bila hatua hii mfupa wa taya la chini utagonga seti kila anapopiga mwayo.
4. Mpaka wa nyuma: "Babu, sema aaa, fupi fupi." Angalia mstari ambapo kaakaa linaanza kucheza, uchore kwa penseli isiyofutika moja kwa moja kinywani, kutoka kibonde cha nyuma ya kinundu kimoja hadi kingine. Weka kompaundi hapo, iingize, naye aseme tena.

Taya la chini:

1. Mdomo na mashavu: vuta nje, juu, ndani.
2. Kona ya nyuma upande wa shavu: shikilia trei, mwambie ajaribu kufunga mdomo dhidi ya vidole vyako. Msuli wa kutafunia utajichongea nafasi yake.
3. Upande wa ulimi, mbele: atoe ulimi nje, kisha ausukume kwenye kaakaa la mbele.
4. Upande wa ulimi, nyuma: atoe ulimi, aulaze kulia, kisha kushoto. Sehemu hii ndiyo inayofupishwa ovyo kwa kuogopa kumuumiza mgonjwa, na ndiyo inayozuia seti ya chini kupaa ulimi unapoinuka.

Kila sehemu ikitoka kinywani, ipoze kwa maji na uitazame kwenye mwanga. Kompaundi iliyokutana na fizi ina uso uliofifia, laini, ukingo umeviringika kama mdomo wa kikombe cha udongo. Inayong'aa haijagusa kitu: pasha, ongeza, rudia. Ukingo mwembamba wenye ncha kama kisu maana yake haukufika mwisho wa mfereji. Iliyofurikia ndani ya trei ikwangue kwa kisu, isije ikabeba trei juu ya fizi.

Jaribio ni moja. Trei ya juu ikiwa imekaa, vuta mpini kwenda chini. Inapaswa kukataa, na ikitoka utasikia mnyonyo. Ikidondoka, tafuta upenyo. Karibu kila mara uko kwenye mpaka wa nyuma au kando ya kinundu kimoja. Trei ya chini usiitarajie inyonye kama ya juu, ila itulie mgonjwa anapolamba mdomo wa juu. Usiende hatua inayofuata kabla ya jaribio hili kufaulu, kwa sababu dawa ya mwisho haizibi ukingo uliokosewa.

Wenye silikoni nzito wanaweza kuunda ukingo wote kwa mkupuo mmoja. Inaokoa muda, lakini lazima mgonjwa afanye miondoko yote kabla haijaganda. Mfanyishe mazoezi trei ikiwa tupu.

Impresheni ya mwisho

Ondoa nta ya nafasi ndani ya trei, ile iliyowekwa kutunza nafasi kati ya trei na fizi. Kwangua kompaundi ya ukingo kiasi cha nusu milimita upande wa ndani ili dawa ipate pa kukaa, isipokuwa mpaka wa nyuma wa juu. Huo uache kama ulivyo. Toboa matundu machache ya milimita 1 hadi 2 katikati ya kaakaa na juu ya ufizi uliolegea. Bila matundu, dawa iliyobanwa haina pa kutokea na itasukuma fizi.

Pesti ya zinki oksaidi na yujinoli bado ni chaguo zuri na la bei nafuu kwa tuta lililoimarika lisilo na mabonyeo. Mpake mgonjwa mafuta ya mgando midomoni na kuzunguka mdomo, maana pesti hii hunata kwenye ngozi. Toa mistari miwili yenye urefu sawa kutoka mirija yote miwili, ichanganye kwenye karatasi au kioo kwa sekunde 30 hadi 60 mpaka rangi iwe moja bila mstari hata mmoja. Ukiona michirizi ya rangi mbili, hujamaliza. Unyevu na joto huharakisha kuganda, kwa hiyo kioo kiwe kikavu. Tandaza safu nyembamba kote, pamoja na ukingoni. Usimpe pesti hii mwenye kinywa kikavu, itamng'ang'ania na kumuunguza. Wala mwenye mzio wa yujinoli. Wala penye mabonyeo, kwani haina mnyumbuko na itavunjika.

Wenye mabonyeo au kinywa kikavu watumiwe silikoni. Hapa kuna mtego mmoja: silikoni ya aina ya kuongezana haigandi vizuri ikiguswa na glavu za mpira wa lateksi, kwa sababu ya salfa iliyomo. Kanda kwa glavu za vinili au nitrili. Kama mikono imeshagusa lateksi, nawa vizuri kwanza.

Kabla ya kuingiza trei ya juu, futa kaakaa kwa gozi kavu. Mate mazito ya nyuma ya kaakaa huacha vishimo ambavyo wengi huviita mapovu ya kuchanganya. Ingiza, kandamiza polepole mpaka ziada itoke matunduni, kisha punguza nguvu na ushikilie tu. Rudia miondoko yote ya kuunda ukingo kabla dawa haijaganda.

Ufizi uliolegea mbele, ule unaochezacheza, ukikandamizwa hurudi mahali pake baadaye na kuisukuma seti nje. Dirisha ndilo suluhisho. Fundi aache uwazi kwenye trei juu ya sehemu hiyo. Chukua impresheni ya sehemu nyingine zote kwa pesti, itoe, kata pesti iliyoingia dirishani, irudishe kinywani, kisha paka plasta ya impresheni au silikoni nyepesi kwa brashi au sirinji juu ya ufizi uliolegea bila kuugusa kwa nguvu. Ikiganda, toa vyote pamoja.

Kusoma makosa

Trei ikionekana kupitia dawa mahali pamoja, pale trei iligandamiza: kwangua akriliki hapo, ondoa dawa, rudia. Ikionekana ukingoni, ukingo ni mrefu mno. Ukingo mmoja mnene na mwingine mwembamba ni dalili kwamba trei ilikaa upande. Kishimo kidogo katikati ya kaakaa chaweza kujazwa nta. Kishimo kikiwa penye muhuri wa nyuma, yaani mpaka wa nyuma unaoziba hewa, au juu ya tuta, rudia impresheni yote. Mstari kama mkunjo kwenye shavu maana yake shavu lilinaswa na trei wakati wa kuingiza.

Kuelekea modeli

Suuza na kuua vijidudu kama ulivyofanya awali, ukifuata maelekezo ya kampuni kwa pesti na silikoni. Baadhi ya silikoni za kuongezana hutoa gesi ya haidrojeni baada ya kuganda. Kama kampuni inasema subiri, subiri, la sivyo modeli itajaa vitundu.

Zungusha kamba ya nta milimita 3 hadi 4 chini ya ukingo kote, kisha ukuta wa nta kuizunguka. Kamba hiyo hulinda unene wa ukingo uliohangaikia. Bila yake fundi atausaga pamoja na ziada ya plasta, na kazi yako yote ya kompaundi itabaki kwenye vumbi la mashine. Tumia plasta ngumu, gramu 100 kwa takriban mililita 30 za maji, mimina kidogo kidogo kutoka kona moja huku ukitetemesha, na kitako kisipungue milimita 10 penye wembamba zaidi. Iache saa moja. Impresheni ya pesti na kompaundi iloweke kwenye maji ya nyuzi 60 hivi kabla ya kuitenganisha. Ukiivuta ikiwa baridi tuta la modeli litavunjika.

Ule mstari wa penseli uliouchora kinywani sasa uko kwenye modeli. Chonga mfereji wa muhuri hapo: kina cha milimita 1 hadi 1.5 pale kaakaa linapobonyea zaidi kila upande, nusu milimita katikati na kwenye vibonde vya nyuma ya vinundu, ukipungua taratibu kuelekea mbele. Uchonge wewe mwenyewe uliyelibonyeza kaakaa hilo kwa kidole, usimwachie fundi ambaye hajamwona mgonjwa.